Pale Mlipogeuza

Halkano ametuita kwake Ngara, ghorofa ya nne,
Jumamosi ya Julai, baridi na manyunyu.
Ametundika shuka jeupe ukutani,
ameazima projekta ya shule anakofundisha.

Sita tulikwenda, sita tumerudi:
ndivyo anavyopenda kuanza,
akigawa viazi karai vya moto
na ukwaju ndani ya kikombe cha chai.

Picha ya kwanza: gari letu, buluu iliyochakaa,
mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba.
Wakesho anacheka. Kiti chake kilikuwa ndoo.
Picha ya pili: barabara, kama ni barabara,
mawe yaliyokubaliana kutuacha tupite.
Kulia jabali, kushoto mto,
na ng'ambo ya mto nchi nyingine,
mtu na punda wake wakienda sambamba nasi
siku nzima; jioni walikuwa wametutangulia.

Nyaboke anauliza, mnakumbuka ile chai?
Ya chumvi na siagi. Tunakumbuka.
Bibi aliyetupa, hatukuwa na lugha naye
mpaka Odera aliposhika kifua akasema, hewa,
naye akaitika, havo, havo,
akaongeza dunyo, akaongeza safar,
tukakaa kama watu wa ukoo mmoja
wanaokutana matangani
na kulinganisha majina ya mababu.
Davo, alisema mwisho, akimtazama Halkano.
Dawa. Sisi tukadhani bado ni mchezo.

Picha ya kumi na saba.
Gari limeelekea tulikotoka.
Theluji imefika nusu ya magurudumu.
Projekta inanguruma. Mvua imekaza dirishani.

"Hapa," anasema Halkano, "pale mlipogeuza.
Mimi sijui kitu, nilikuwa nimezima kama kibatari.
Lakini najua mlikuwa mmeshalipia malazi kule mbele,
najua zilibaki saa tatu tu kufika ziwani.
Mkageuza. Mama yangu, kule Marsabit,
anawataja kwenye dua, mmoja mmoja, kwa majina."

Hakuna aliyegusa kiazi.

Maana kura ilipigwa, Halkano.
Kwenye upepo, milango wazi,
wewe chini ya blanketi, kifua chako
kikitoa sauti ya sufuria inayotokota,
wanne tulinyoosha mkono tuendelee.
Saa tatu tu, tulisema. Atapata nafuu, tulisema.
Wakesho peke yake aliacha mikono yake kwapani.
Mkono wangu ulikuwa wa kwanza juu,
glavu nyekundu, ile uliyonisifia.

Davlatbek alituangalia kama anayehesabu mbuzi.
Kiswahili hakukijua, ila mikono aliielewa.
Akatema mate, akashika usukani,
akageuza bila neno,
nusu ya gurudumu ikining'inia juu ya korongo,
akashuka, akashuka, akashuka
mpaka ukaomba maji.
Bakshishi yetu aliikataa.

Sasa Munyoki anakohoa.
Odera anakuna kidole kilichoumwa na baridi.
Wakesho ananitazama mara moja tu,
kisha anageukia miavuli inayochuruzika mlangoni.

"Nani alisema kwanza turudi?" unauliza.
"Nimkatie kipande kikubwa cha keki."

Najua mkono wangu uko wapi.
Uko chini ya meza, juu ya goti,
mzito kama jeki.

"Ni dereva," nasema.
Unacheka. "Mnaona unyenyekevu huo?"
Na kipande kikubwa unaniwekea mimi.

Nakila.
Picha ya kumi na nane: mbwa wa mtu,
amelala katikati ya njia, hana habari na sisi.